Mgeni wa Pointi

Reli ya roshani ilimfikia Inspekta chini ya nyonga, na hilo peke yake lilitosha kufunga jalada. Mtu mzima akiegemea pale akajisahau kidogo, kichwa kinatangulia na mwili unafuata, na huko chini kulikuwa na ua wa vigae vyeusi na vyeupe visivyo na huruma na mtu. Nyumba ilijengwa zamani na tajiri fulani ambaye bila shaka alikuwa mfupi. Ilipogeuzwa hoteli, sheria ya majengo ya kale ikakataza hata msumari mmoja kuongezwa, basi reli ikabaki kama ilivyo na wageni wakazidi kurefuka.

Kituoni walimwita Kobe. Hawakumwita hivyo kwa sura, ingawa shingo nayo ilisaidia. Walimwita kwa mwendo wake. Kesi ambayo wenzake waliimaliza kabla chai haijapoa, yeye aliizunguka mpaka watu wakamchoka. Mkuu wa kituo alikuwa ameshampigia simu asubuhi hiyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda zake.

"Kobe, hiyo ni ajali. Daktari kasema shingo imevunjika, hakuna kingine. Kaka wa marehemu yuko hapo na gari, anangoja saini yako akachukue mwili hospitali, amchukue na mjane, wakazike leo. Usinifanyie mambo yako."

"Mambo yangu yapi, mkuu?"

"Hayo hayo."

Kobe akarudisha simu mfukoni. Akatazama tena chini, mahali ambapo mtu wa usafi alikuwa amekwisha kusugua, akabaki anaangalia vigae vilivyokuwa visafi kupita vingine.

"Nisomee tena maelezo ya mjane," alisema.

Koplo, mwanamke mwenye mwili wake na ulimi wake, alifungua karatasi. "Walifika jana alasiri, yeye na mumewe. Wanasherehekea kumbukumbu ya ndoa yao. Walipanda chumbani, yeye akaenda kuoga, mume akatoka hapa roshani kuvuta sigara. Akiwa bado bafuni akasikia kishindo. Alipotoka, watu wanapiga kelele chini. Basi."

"Chumba amekielezaje?"

"Kizuri, kitanda, meza, dirisha. Hivyo tu."

"Marehemu alikuwa tajiri?"

"Tajiri wapi! Fundi wa mashine za hospitali. Amelala hapa kwa pointi." Koplo aliona uso wa bosi wake, akashusha pumzi. "Kampuni ina hoteli nyingi, afande. Ukilala kwao wanakuhesabia pointi, zikijaa wanakulaza bure. Huyu kazini kwake wanamtuma kila mwezi mji mwingine kurekebisha mashine. Mwajiri analipa hoteli, pointi zinabaki kuwa zake."

"Yaani analipwa kwa kulala."

"Kwa kulala mbali na mkewe, ndiyo."

Waliingia chumbani. Kilikuwa chumba cha watu wasiojua kuhesabu: kuta nene, boriti nyeusi darini, kitanda ambacho familia nzima ingelala bila kugombana. Zulia lilimeza viatu. Kobe hakwenda kwenye masanduku wala makabati. Alikwenda dirishani, akapiga magoti kwa taabu, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia zulia.

"Umeangusha kitu?" aliuliza Koplo.

"Njoo uone."

Palikuwa na vishimo vinne kwenye zulia, vidogo kama sarafu, vimekaa katika mstatili. Kobe akabonyeza kidole pembeni ya kimoja, akakitoa, wakatazama manyoya ya zulia yakijiinua yenyewe pole pole.

"Zulia zito namna hii halikai na kinyongo," alisema. "Ukiondoa kitu, baada ya muda linasahau. Hili bado linakumbuka. Jana hapa palisimama kitu."

"Sanduku?"

"Sanduku lina miguu?"

Koplo akawaza. "Basi meza. Nyumba hizi za kale zina vimeza vya bei mbaya. Tuseme mtu aliingia kuiba, marehemu akamkuta, wakashikana, wakafika mpaka relini. Mwizi akaondoka na kimeza chake wakati watu wamejaa chini."

Haikuwa fikra mbaya. Kobe aliipenda kiasi cha kumwita meneja.

Meneja alikuwa mtu wa suti iliyokaa na viatu vya kujitazamia. Alishika leso mkononi tangu mlangoni, na macho yake yalikwenda dirishani kabla hajaulizwa chochote.

"Pale palikuwa na nini?" Kobe aliuliza.

"Pale? Kiti, afande. Kiti cha kusomea. Kililegea mguu, kimekwenda kwa seremala wetu."

"Lini?"

"Jana."

"Kabla mgeni hajafa au baada?"

"Kabla," alisema meneja, akajifuta shingo.

"Kilete."

Meneja alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kobe hakucheka. Ikabidi kiti kitafutwe, na kilipokuja kilikuja na wahudumu wawili, kwa sababu kilikuwa kiti cha mti mzito chenye mikono mipana. Mguu haukuwa umelegea hata mmoja. Kobe alikikalisha dirishani, mguu mmoja juu ya kishimo kimoja. Mingine mitatu ikaangukia mbali.

"Kiti chako kimenenepa tangu jana," alisema.

"Afande, labda..."

"Afande!" Koplo aliita kutoka bafuni. "Hebu njoo huku."

Chini ya sinki, kimesukumwa nyuma kidogo ukutani, palikuwa na kigoda cheupe cha kupandia. Koplo alikigusa kwa ncha ya kiatu.

"Wangu wanacho kama hiki nyumbani. Bila kukipanda hawafiki bombani."

Kobe alirudi chumbani taratibu. "Meneja, mgeni wako alikuwa mtu wa kimo gani?"

"Mrefu, afande. Mrefu kabisa."

"Na mkewe?"

"Wa kawaida."

"Sasa ni yupi kati yao aliyehitaji kigoda ili anawe uso?"

Meneja alikaa. Alikaa kwenye kile kiti cha uongo wake, akaikunja leso mara kadhaa, akaikunjua.

"Kilikuwa kitanda cha mtoto," alisema.

"Walikuja na mtoto?"

"Hawakuja naye. Ndiyo balaa lenyewe." Aliangalia mlango, akapunguza sauti. "Sisi tumejiunga na kampuni juzi juzi tu, afande. Mgeni wa daraja la juu akija kwa pointi, ni heshima kwetu, na wakubwa wanatuangalia. Tunapiga simu kwenye hoteli aliyozoea kulala, tunawauliza: huyu anapenda nini? Ili akifika hapa asiombe kitu. Akute kila kitu kiko tayari, ajisikie nyumbani."

"Mkaambiwaje?"

"Mto mgumu. Chai ya tangawizi. Na kitanda cha mtoto kiwekwe dirishani, kwa sababu mtoto anapenda kutazama nje. Wenzetu wanawajua vizuri hao. Walituambia, hiyo ni familia ya watu watatu, mkiwakosea hao mmetukosea na sisi."

Koplo aliguna. Kobe alimtupia jicho.

"Na walipofika wawili?"

"Tukadhani mtoto yuko kwa bibi yake, atafuata. Ungeuliza wewe? Mgeni ukimchokonoa mambo ya nyumbani kwake umeshampoteza."

"Kitanda ulikiondoa lini?"

"Baada ya ile ajali. Mama alikuwa chini, amepiga magoti pale penye mwili. Mhudumu wetu mmoja akawa anambembeleza, akamwambia, jikaze mama, mtoto wenu anakuhitaji. Mama akajibu, sisi hatuna mtoto. Nikasikia kwa masikio yangu. Nikajua, afande, tumemvua mteja nguo mbele ya mkewe. Nikasema, angalau mama asije akapanda juu akakikuta. Nikamwambia mama wa vyumba akiondoe upesi."

"Aliposema hawana mtoto, alishangaa?"

"Vipi?"

"Mtu huna mtoto, mtu baki anakutajia mtoto wako. Hukunji hata uso? Huulizi mtoto gani?"

Meneja alifikiri kwa uaminifu, na hapo ndipo Kobe alipoanza kumwamini. "Hapana. Alisema tu. Kama mtu anayesahihisha."

Mama wa vyumba walimkuta stoo kwake, nyuma ya ngazi za wahudumu, kati ya rafu za shuka zilizopigwa pasi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kushonea iliyoning'inia kifuani. Kitanda kilikuwa hapo, kimefunikwa shuka, miguu yake minne ni midogo kama sarafu. Ndani yake alikaa mwanasesere wa dubu, bado ana utepe.

"Mimi ndiye niliyekitandika, mwanangu," alimwambia Kobe, "na mimi ndiye niliyekitoa. Kama ni kosa, limeanzia kwenye mikono hii."

"Si kosa la kutandika, mama. Ulitoa nini na nini?"

"Kitanda, na huyu. Kigoda nilikisahau, nilikuwa naharakishwa. Na joho dogo la taulo, la mtoto, hilo sikulikuta. Najua mmelichukua nyinyi."

"Joho gani?"

"La kuvaa ukitoka kuoga. Niliyatundika matatu bafuni, mawili makubwa na moja dogo. Lile dogo nililitarizi mwenyewe, jina la mtoto kifuani kwa uzi wa buluu. Waliniambia jina kwenye simu. Huko anakozoea kulala analo kama hilo, sasa nikasema asije kwetu akajiona mgeni." Alishika miwani yake. "Makubwa niliyakuta yananing'inia vile vile, makavu. Taulo nazo kavu, na mkunjo wangu haujafunguliwa hata mmoja."

"Una hakika na mkunjo wako?"

"Wewe huijui saini yako?"

Kobe alimshukuru. Nje ya stoo alisimama na Koplo kwenye ngazi za wahudumu, nyembamba na chakavu kama za nyumba ya kupanga. Huku hapakuwa na zulia.

"Sema wewe," alisema.

"Hakuoga," alisema Koplo. "Hakuna mtu aliyeoga. Kitanda cha mtoto kilikuwepo walipoingia, na hakuna mwanamke anayekaa chumba hicho asikione. Katika maelezo hakukitaja. Na joho halijachukuliwa na sisi, wala na hoteli."

"Na mume alikwisha kufa. Wafu hawabebi."

"Afande, mama wa watu analia tangu jana. Nimekaa naye mimi. Kilio kile si cha kuigiza."

"Sijasema anaigiza," alisema Kobe. Alikuwa na huzuni, na hakupenda kuwa na huzuni akiwa kazini.

Mjane alikuwa chumba cha vitabu, kwenye ukingo wa kochi, amejifunga mtandio mweusi ambao bila shaka aliazimwa. Mkoba wake ulikuwa mapajani, mikono yote miwili juu yake. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama dirishani na funguo za gari zikilia kiganjani.

"Afande, tunakuomba," alisema shemeji. "Kaburi liko wazi tangu alfajiri. Watu wamekaa. Mama yetu ni mzee, hawezi kungoja mpaka jioni. Saini moja tu."

"Nakuja kwenye saini. Keti, kaka."

Shemeji aliketi bila kupenda. Koplo akasogeza kiti karibu na mjane, karibu zaidi kuliko ilivyohitajika. Kobe alibaki wima.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa," alisema mjane.

"Nina maswali machache. Jana ulipoingia chumbani ulikwenda kuoga moja kwa moja?"

"Ndiyo."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Ya moto, ndiyo."

"Ulijifutia nini?"

Nje, katika ua, mtu aliburuta kiti juu ya vigae, na mjane akafumba macho mpaka sauti ikapita.

"Taulo zote ni kavu," alisema Kobe. "Hakuna iliyokunjuliwa. Na karibu na dirisha palikuwa na kitanda cha mtoto."

Funguo za shemeji zikanyamaza. Kobe alizisikia zikinyamaza, akageuza macho kwake. Jitu zima lilikuwa linachunguza kamba za viatu vyake.

"Sikuangalia dirishani," alisema mjane.

"Bafuni palikuwa na joho dogo la taulo. Halipo. Nikimwomba Koplo afungue huo mkoba, atalikuta?"

"Hapana haja ya Koplo."

Aliufungua mwenyewe. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono ndani, kama nguo inayotoka kabatini. Aliliweka juu ya goti, akalaza kiganja kifuani pa joho, na herufi za uzi wa buluu zikaonekana kati ya vidole. Shemeji alizisoma kutoka pale alipokaa.

"Ulikuwa unajua," mjane alimwambia bila kupandisha sauti.

"Shemeji, mimi..."

"Ulikwenda kumwona alipozaliwa?"

"Nilipita tu. Nilikuwa na safari upande huo."

"Na jina?"

Shemeji akashika kichwa. Kobe hakuelewa, na hakuona aibu kuonyesha kwamba hakuelewa. "Jina lina nini, dada?"

"Ni la mwanangu," alisema mjane. "Tulikuwa na mtoto, afande. Hakutoka hospitali. Tulimpa jina kwa sababu nilikataa azikwe bila jina, na walimfunga kwenye shuka la wodini kwa kuwa nguo zake zilikuwa bado dukani. Hajawahi kuvaa kitu chenye jina lake. Baada ya hapo sikushika mimba tena."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Kobe hakumkumbusha.

"Kitanda nilikiona, nikadhani watu wa hoteli wamekosea chumba. Nikaingia bafuni kunawa, nikaliona hili limetundikwa. Nikalisoma. Unajua nilifikiri nini?" Alimtazama Kobe kwa mara ya kwanza. "Nilifikiri ni yeye ameliagiza. Kwamba siku ya ndoa yetu amewaambia watu wa hapa waandike jina la mtoto wetu, na kitanda wakiweke, tuwe watatu hata kwa siku moja. Miaka yote hiyo hakuwa akimtaja. Nikasema, kumbe anamkumbuka, kumbe amelibeba peke yake. Nililia kwa furaha. Nikatoka nalo roshani kwenda kumshukuru."

Alisita, akalinyoosha joho mahali ambapo halikuwa na mkunjo.

"Akaliona mkononi mwangu, akaanza kuomba msamaha. Mdomo wangu ulikuwa wazi kushukuru, na yeye ananiomba msamaha. Ananiambia ilikuwa bahati mbaya, yule mwanamke si chochote, anamtunza kwa ajili ya mtoto tu. Sikuwa nimeuliza habari za mwanamke. Kwa kweli hata sasa sijali ni nani."

"Ulimwuliza nini?"

"Jina. Nilimwuliza, jina umelitoaje ukalipeleka kule? Akaniambia, mke wangu, jina lilikuwa limekaa tu. Halina mtu."

Shemeji aliinuka nusu, akarudi kukaa.

"Alikuwa amesimama wapi?" Kobe aliuliza, maana ilimpasa kuuliza.

"Relini. Ameiegemea."

"Na wewe?"

"Mbele yake. Nilimsukuma, afande. Kwa mikono miwili. Usiandike kwamba aliteleza, wala usiandike kwamba sikuwa na akili zangu. Nilikuwa nazo."

"Shemeji, nyamaza!" alisema kaka wa marehemu. "Afande, huyu ana msiba, hajui anachosema. Ni ajali, daktari amesema. Twende zetu tukazike, mengine tutayazungumza nyumbani. Mwacheni amzike mumewe."

Kobe alikuwa ameshika kalamu ya ile saini. Ingemtosha kuiandika. Mkuu angefurahi, meneja angelala, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumwuliza. Alimwonea mwanamke yule huruma ya kweli, na alijua haitabadilisha kitu. Akaifunga kalamu.

"Mwili utauchukua wewe, kaka," alisema. "Nitasaini hospitali wakuachie. Dada atakwenda na sisi."

Mjane alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda mahali anapopajua. Koplo alinyoosha mkono, si kwa nguvu, na joho likapita kutoka mikono hii hadi ile. Mjane aliusindikiza kwa macho mfuko wa plastiki wa ushahidi ulipokuwa unafungwa.

Mlangoni alisimama.

"Shemeji. Kaburi mmelichimba wapi?"

"Nyumbani." Shemeji aligeukia dirishani. "Pale pale pa familia. Pembeni ya mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa anasema akifa alazwe hapo."

"Lifukieni."

"Shemeji..."

"Lifukieni, mchimbe jingine mbali. Hata kama jua litazama. Usimlaze na mwanangu."

Hakungoja jibu. Alitoka mbele ya Koplo, wakashika ngazi za wahudumu, zile zisizo na zulia, na nyayo zao zikasikika mpaka chini. Kobe alibaki na yule kaka katika chumba cha vitabu. Mtu yule alizitia funguo mfukoni. Halafu akatoa simu, akawapigia wachimbaji.